Wanawake Waliolisikiliza Bomba la Mvuke

Kabla ya yote mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, na herufi zangu kila moja inalala upande wake. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo maneno mengine naandika jinsi ninavyoyasikia, na mtakuta makosa. Halafu naandika polepole. Nikianza baada ya kutoka kazini, adhana ya magharibi inanikuta bado kwenye ukurasa uleule. Lakini kusimulia kwa mdomo siwezi kabisa. Watu wakinitazama ulimi unakauka. Na habari hii nisipoiandika, nani ataijua?

Ni habari ya baba mdogo wangu, na ya wanawake wa Muyinga.

Baba mdogo ni fundi bomba, sisi huku tunasema fundi wa tiyo. Tunakaa Gitega, katika mtaa wetu wa Waislamu, ambako huyu ni fundi cherehani, yule anauza ndagala, dagaa wa ziwani, mwingine anatengeneza baiskeli. Yeye ndiye aliyeweka bomba za kutawadhia pale msikitini kwetu. Lile bomba la ukutani limenyooka hivi kwamba watoto huweka jicho upande mmoja na kutazama mpaka upande wa pili, kama wanaolenga kitu. Wazee wakitoka kutawadha walikuwa wakimwambia, "Fundi, kazi yako imelala kama maji kwenye sahani." Yeye hakujibu. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya bomba, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Siri ya kunyooka huko ilikuwa nivo. Nivo ni kipande kifupi cha chuma chenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya maji kuna tone la hewa. Tone likikaa katikati, bomba liko sawa. Likikimbia pembeni, bomba limepinda. Nivo yake aliifunga kwa kitambaa cha kitenge na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla ya kunawa mikono. Mimi nilipoanza kazi kwake, jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kukata wala kuunga. Alinifundisha kulitazama lile tone na kuvuta subira mpaka litulie.

Kazi zake nyingine zilikuwa milimani. Kule Bugendana alitoa maji kwenye chemchemi na kuyashusha mpaka kwenye robine, yaani koki, ya watu. Kabla ya kuchimba alivua viatu akatembea njia nzima kwa miguu mitupu, kwa sababu alisema nyayo zinajua pale ardhi inapoinuka kuliko macho. Nilimuuliza, siku hiyo tulikuwa peke yetu ndiyo maana niliweza kuuliza, kwa nini anatafuta vilima vidogo hivyo.

"Hewa," akasema. "Maji yakishuka, hewa inakimbilia pale pa juu, inajikunja pale, inazuia njia. We utaona robine iko kavu, utasema chemchemi imekufa. Kumbe ni hewa tu imekaa."

Basi kila palipoinuka aliweka kirobine kidogo cha kuitoa hewa. Likumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Tukaitwa Muyinga. Aliyetuita ni mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa, aliyekwisha kwenda kuhiji, na kila mtu alimwita Hajati. Alinunua kahawa mbichi kwa wakulima, akaiosha, akaianika juu ya meza za nje. Taabu yake ilikuwa mvua. Msimu wa kahawa na msimu wa masika huku kwetu inakuja pamoja, na wanawake wake walishinda wakikimbia na mashuka ya plastiki, funika, funua, funika, na bado nyingine ikaoza. Sasa alikuwa amejenga nyumba ya kukaushia, na akanunua shodieri ya zamani, yaani lile jungu kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke.

Siku ya kwanza alituingiza ndani na kutuonyesha. Shodieri ilikaa nje, chini ya paa lake la mabati, na chakula chake kilikuwa makapi ya kahawa na kuni. Ndani, mwisho kabisa wa nyumba, palikuwa na sanduku la bati kubwa kama chumba. Ndani ya sanduku mlikuwa na radiateri: bomba jembamba lililokunjwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama utumbo wa mbuzi. Nyuma ya radiateri palikuwa na pangaboi kubwa. Mvuke ukiingia kwenye radiateri, bomba zinakuwa moto. Pangaboi linasukuma hewa katikati yake. Hewa inatoka imepata joto na inapita chini ya vitanda vya wavu vya kuanikia kahawa. Kazi yetu ilikuwa kuuleta mvuke kutoka shodieri mpaka kwenye lile sanduku, bomba likipita juu, chini ya paa, moja kwa moja juu ya vichwa vya wanawake wanaochambua kahawa.

Baba mdogo alikuwa hajawahi kuweka bomba la mvuke. Alimwambia Hajati hivyo, wazi, na nilimpenda kwa kusema hivyo.

"Najua," Hajati akasema. "Watu wameniambia nilete fundi wa Bujumbura. Mi nimesema nakujaribu we, maana nimeona ule msikiti wenu. Ikikubali, nyumba zangu zote zingine ni za kwako. Ikikataa, fundi, nitaing'oa yote na we utarudi Gitega kufunga robine za watu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Hajati."

"Na huyu kijana ni bubu?"

"Ni mpole tu."

Nikatazama viatu vyangu.

Wa tatu wetu alikuwa fundi wa kuchomelea, Mkongomani wa Kivu ya kusini, mtu wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya kuimba. Mimi nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Ujanani kwake aliwahi kuchochea shodieri katika kiwanda cha chai. Yeye na baba mdogo walitaniana kutwa.

"Vieux," yaani mzee, yaya alimwambia, kwa vile baba mdogo alimzidi umri, "hii nivo yako watakuzika nayo."

"Na we watakuzika na sufuria ya wali."

"Amen! Mradi iko na nyama."

Siku tulipoanza kutundika bomba kwenye vyuma vilivyoshuka kutoka kwenye paa, yaya aliacha kuimba. Akatazama juu muda mrefu.

"Vieux, kule kwetu kwa chai, tiyo ya mvuke ilikuwa inalala kidogo upande mmoja."

"Kule kwenu hata barabara zinalala," baba mdogo akajibu toka juu ya ngazi. "Kijana, tone liko wapi?"

"Katikati, baba."

"Basi."

Yaya akanitazama mimi niliyeshika ngazi, akafunga mdomo. Wakati ule nilidhani ameshindwa hoja. Baadaye nilielewa kwamba aliniona mimi, akakumbuka adabu. Huku kwetu mtu hamkosoi mkubwa mbele ya mwanawe. Unangoja muwe wawili, na ile siku nzima hawakuwa wawili, kwa sababu ngazi ilinihitaji.

Tulikata, tukatoboa, tukafunga. Mimi nilisokota filasi, zile nyuzi za katani, kwenye meno ya kila bomba kabla ya kuunganisha, na baba mdogo alipitia kila fundo kwa kidole. Lilipokwisha, bomba lile lilikuwa kitu cha kutazamwa. Lilitoka ukutani likapita nyumba nzima bila wimbi hata moja. Hajati alileta majirani walione. Mzee mmoja alisema limefanana na mstari wa daftari. Baba mdogo alikuwa akipitisha kiganja chake, na mimi nilijisikia mrefu.

Kahawa ya kwanza ikaoshwa. Mvua ilikuwa imekaa juu ya kilima kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Wanawake waliingia na vikapu vyao, wakaketi chini ya bomba kwenye mikeka, kila mmoja na lundo lake, wakaanza kuchambua. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mwembamba, aliyekaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Yaya alichochea moto. Mshale wa kipimo cha shodieri ulipanda. Baba mdogo akasema bismillahi, akafungua.

Mwanzo ilitoka sauti ya vuu ya mvuke, tukatabasamu. Kisha bomba likapiga.

Sijui niliandike vipi. Ulikuwa mlio wa chuma, mkavu, mmoja, kisha mwingine, kisha mitatu iliyofuatana haraka. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye paa. Na wanawake wote, wazee kwa vijana, walilala kifudifudi kwa wakati mmoja kana kwamba mkono mmoja umewalaza. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi pia nililala. Nilikuwa mtoto mdogo miaka ile ya vita, lakini mwili unakumbuka mambo yake wenyewe. Halafu bibi akasema neno moja kwa Kirundi, wakainuka wakiwa wameinama, wakatoka kwa mlango wa upande wa bondeni, wakapotea kwenye migomba. Vikapu vilibaki. Kahawa ilibaki imemwagika.

Yaya alikuwa amekwisha kufunga mvuke kule kwenye shodieri. Nyumba ikanyamaza. Baba mdogo alikuwa amesimama palepale, mkono bado kwenye gurudumu la kufungulia, na uso wake sikuujua.

Hakuna aliyecheka. Hata yaya.

Hajati alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani. Alitazama mikeka.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda, Hajati."

"Watarudi?"

Jibu lilikuja jioni ileile, limeletwa na binti mmoja aliyesimama mbali na mlango: wataanika kahawa nje mvuani kama zamani, lakini chini ya chuma kile hawaingii. Hajati alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea mtoto.

"Fundi," akasema, "mi siwezi kuwalazimisha. Hata mi moyo wangu bado iko inapiga. Kahawa iliyooshwa inaweza kungoja kidogo ndani ya maji, si sana. Kama hawataingia, ng'oa. Sina hasira na we. Lakini ng'oa."

Nilidhani baba mdogo ataomba siku. Hakuomba. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalitazama lile bomba zuri, na nadhani ndipo yaya alipopata nafasi yake, kwa sababu alinituma nikachote maji ambayo hatukuyahitaji. Niliporudi walikuwa wameinamiana, wanazungumza taratibu.

"...maji, vieux. Mvuke ukipoa inageuka maji. Ile maji ikikaa ndani ya tiyo, mvuke nyuma inaisukuma kama jiwe. Inakwenda, inapiga kona. Pah!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulinijibu na barabara."

Baba mdogo akacheka kidogo, cheko la pua. "Sawa. Lakini maji yamekaa wapi? Tiyo iko sawa yote. Nivo haisemi uongo."

"Iko sawa wakati iko baridi. Ikipata moto inarefuka, inajilegeza mahali. Pahali gani? Mi sijui. Sauti ilijaa nyumba nzima, sikusikia imetoka wapi."

Mimi pia sikujua. Kichwani mwangu mlio ulikuwa umetoka kila mahali.

Asubuhi baba mdogo alivaa kanzu, siyo nguo za kazi, akaniambia nimfuate. Tulipanda kilima mpaka kwa yule bibi. Wanawake kadhaa walikuwa uani kwake, wanamenya mihogo. Hawakunyanyuka. Baba mdogo alisalimia, akaketi chini kabisa, siyo kwenye kigoda alichopewa.

"Mama zangu, nimekuja kuomba msamaha. Mi ndiye niliyewatisha. Ile sauti ni kosa ya mkono yangu."

Kisu kiliendelea kwenye muhogo.

"Umesema vizuri," bibi akajibu mwishowe. "Tumekusamehe. Lakini hatuingii."

"Sikuja kuomba muingie. Nimekuja kuuliza. Mlisikia imetoka wapi?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akainua kisu na kuonyesha hewani. "Ilianza kati. Kati kabisa, upande wa dirisha lililovunjika. Kisha ikakimbia kule kwenye sanduku."

"Hapana, siyo katikati kabisa," mwingine akamkata. "Mbele kidogo ya pale mimi nilipoketi. Ilizaliwa pale, ikafia kwenye kona."

"Na ya pili ikaanzia palepale."

"Palepale. Ila ya tatu ilikuwa fupi."

Walibishana hivyo, kila mmoja akipanga mihogo chini kuwa nyumba, kisu kuwa bomba, na baba mdogo alikuwa amewainamia, mdomo wazi. Alikuwa amesahau aibu yake.

"Mlijuaje?" akauliza. "Sisi watatu tulikuwa macho juu na hatukujua."

Bibi alifuta mikono kwenye kitenge chake. Hakuongeza sauti wala kuipunguza.

"Miaka ile tulijifunza, mwanangu. Mlio ukitoka, hukimbii kwanza. Kwanza unajua umetoka wapi na unakwenda wapi. Aliyekimbia bila kujua, alikimbilia kwao."

Kuku alipita juu ya ile nyumba ya mihogo. Kisha baba mdogo akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu.

"Mama, nitawasha tena mara moja, kidogo tu. Mi nitakuwa ndani. Ninyi kaeni nje, kule juu ya ukingo, mbali. Mnisikilizie. Mtanionyesha pahali penyewe."

"Wewe utakuwa ndani?"

"Ndani, chini yake."

"Una watoto?"

"Niko nao. Na huyu pia."

Bibi akanitazama mimi, halafu yeye. "Haya. Tutakuja. Lakini vua hiyo kanzu, usituharibie nguo ya Ijumaa."

Wakacheka, na kicheko chao kilipita ule ua kama upepo baada ya joto.

Walikuja wale wote. Waliketi juu ya ukingo wa udongo, migongo imeegemea kilima, miguu tayari. Baba mdogo alisimama ndani chini ya bomba, na mimi nikapewa chaki niandike alama watakapoonyesha. Yaya alifungua mvuke kwa tahadhari, robo ya robo. Tulingoja. Bomba likapiga, mara moja, dogo kuliko jana. Niliwaona wanawake wakikaza mabega, mikono ikishika majani, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Sijawahi kuona ushujaa kama ule. Watu wengine wanasifiwa kwa kukimbilia moto. Hawa walikaa kitako na kusikiliza kitu ambacho mwili wao mzima uliwaambia wakikimbie, ili kumsaidia mtu aliyewatisha.

"Pale!" wakasema kwa pamoja, vidole vyote upande mmoja. Bibi alishuka mpaka dirishani, akapitisha mkono. "Sogea, kijana. Sogea tena. Umepita. Rudi. Hapo."

Nikaweka alama ya chaki ukutani chini ya bomba. Ilikuwa kati ya vyuma viwili vya kutundikia, pale ambapo tulikuwa tumeviweka mbali kimoja na kingine ili boriti mbovu isipate uzito. Baba mdogo alipanda ngazi na fimbo ya mkaratusi. Ncha moja aliiweka kwenye bomba, nyingine sikioni. Akafumba macho.

"Yako hapa," akanong'ona. "Yanacheza. Kama maji ndani ya kibuyu."

Alibaki juu ya ile ngazi, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayetambua sura ya ndugu aliyepotea.

"Kijana. Kule Bugendana. Kwa maji, pahali pabaya ni wapi?"

"Pale pa juu, baba. Hewa inakaa."

"Na kwa mvuke?"

Walikuwa wananitazama wote: yaya, Hajati mlangoni, bibi dirishani, wanawake kwenye ukingo. Ulimi ukakauka kama kawaida yake. Lakini jibu lilikuwa limefika lenyewe.

"Pale pa chini. Maji yanakaa."

"Ni kitu ileile," akasema, karibu kwa furaha. "Ni kitu ileile, imegeuzwa kichwa chini! Na mi nimeweka tiyo sawa, haina juu wala chini, maji hayajui yaende wapi. Na we, kule kwa chai tiyo ililala kiasi gani?"

"Kwa tiyo moja nzima, vidole vitatu. Inashuka upande mvuke inakwenda. Na mwisho, kabla ya radiateri, mguu mfupi wa tiyo unaoning'inia, na purja yake."

Purja ni chuma kama ngumi, kinachoachia maji yatoke na kuuzuia mvuke. Tulikuwa nayo moja tu, ile ya chini ya radiateri. Nilitumwa Kobero kutafuta ya pili, peke yangu, na nusura nilie. Pale mpakani, katikati ya malori, wabadilisha pesa na wapagazi wanaoitana, sikuweza kusema ninataka nini. Nilitoa purja ya kwanza kwenye mfuko nikaiweka juu ya meza ya duka. Mwenye duka akaigeuza, akasema, "Hiki ni kikohozi cha treni?" Duka zima likaangua kicheko. Lakini alimtuma mtu Kabanga ng'ambo, na kabla ya jua kuinama nilikuwa na nyingine inayofanana nayo.

Niliporudi nilikuta kitu kilichonifanya nisimame mlangoni. Baba mdogo alikuwa analishusha bomba lake. Lile la mstari wa daftari. Alilegeza kila chuma cha kutundikia, akaongeza kingine pale penye alama ya chaki na kuitia boriti ile mhimili, akakata kona ya mwisho na kuitengeneza upya. Hakununa, hakugombeza mtu, hata yaya alipomtania kwamba sasa barabara za Kongo zimefika Muyinga. Nivo ilikuwa imelala kwenye kitambaa chake. Alipoichukua, aliifunga kijiti chembamba kama cha kiberiti chini ya ncha moja, ili tone likikaa katikati, bomba liwe limelala kiasi kinachotakiwa. Akanipa.

"Tone liko wapi?"

"Katikati, baba."

Siku ya kuwasha tena, mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake walikuja mpaka chini ya paa la nje, wakasimama. Baba mdogo hakuwaita. Alitandika mkeka mmoja chini ya ile alama ya chaki, akaketi, akavuta kikapu, akaanza kuchambua kahawa. Alichambua vibaya sana. Yaya alifungua mvuke kidogo, akangoja, kidogo tena. Maji ya kwanza yalitoka kwenye ule mguu mfupi, yakatema, yakatema, kisha purja ikatulia. Bomba lilisema tik, tik, chuma kikipata joto. Hakuna kingine. Pangaboi likaanza. Hewa ya vuguvugu ikatupitia miguuni, ina harufu ya kahawa na udongo.

Bibi aliingia. Alisimama chini ya bomba, kichwa kimeinama upande, anasikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho wa nyumba, bila haraka. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu akamtazama baba mdogo chini.

"Hizi mbovu unaziweka na nzima. Ondoka hapo, nipe mkeka wangu."

Wengine wakaingia nyuma yake.

Hajati alitimiza neno lake, tumeweka bomba za mvuke katika nyumba zake zingine. Kila mara baba mdogo anamwomba bibi na wenzake wakae nje siku ya kwanza na kusikiliza, na hawaingii wengine kabla ya wao kusema ndiyo. Bomba likifunguliwa kwa haraka na kugonga hata kidogo, wanamtumia salamu: chuma chako kimekohoa, karibu na mlango. Anakwenda, na kweli ni karibu na mlango. Mimi mpaka leo sijafikia kusikia kama wao. Natumia fimbo.

Hapo ndipo mkono wangu umechoka. Sasa nawaomba ninyi mliosoma: kama mmewahi kufanya kazi ya mvuke, popote, mniandikie. Niambieni kwenu mnalaza bomba kiasi gani, na ni nani aliyewasikilizia siku ya kwanza. Mpeni barua huyo aliyewapa karatasi hii, itanifika. Msijali mwandiko, wangu mmeuona. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie, nitachukua muda.